Miezi saba na kinga ya umeme: maoni ya mshonaji wa Katuba

Mwezi wa nane mwaka jana nilipokea oda ya sare 43 za shule: sketi za bluu, kaptula za bluu, mashati meupe. Watoto wanarudi darasani mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na mzazi hana muda wa kusikiliza habari za giza la mshonaji. Wiki ileile kabini ya mtaa wetu ikaungua. Kabini ni kile kijumba chenye transfoma inayogawa umeme kwa nyumba zote za jirani. Ikiungua, mtaa unachanga, fundi anatafutwa, vyombo vinangojewa, siku zinapita. Kwetu zilipita 19.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo yenyewe haingoji umeme. Macho ndiyo yanayongoja. Uzi wa bluu juu ya kitambaa cha bluu hauonekani kwa mwanga wa mshumaa, hata uusogeze karibu namna gani. Usiku wa tatu tone la nta likaangukia kola ya shati jeupe lililokuwa limekwisha kushonwa, limebaki vifungo tu. Nta hutoka kwa pasi na karatasi, hilo nalijua, lakini hii ilikuwa imebeba masizi ya utambi, ikaacha doa la kijivu pale pale chini ya shingo. Nikakata kola mpya. Kulipokucha nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ambaye watu walikuwa wanasema anatengeneza kinga za umeme.

Kinga, kwa sisi wa Lubumbashi huku Kongo, ndiyo baiskeli, na kinga ya umeme ni baiskeli isiyokwenda popote, unayoikanyaga ili ikupe umeme. Hii yangu nimeitumia miezi saba sasa, msimu mzima wa mvua, na watu wananisimamisha sokoni kuniuliza kama inafaa. Inafaa. Lakini inafaa kwa kipimo chake, na kipimo hicho fundi hakuniambia. Nimekijua kwa miguu yangu mwenyewe. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Nilimkuta fundi amechutama kando ya kinga tatu. Nikamwambia, "Baba fundi, miye niko na sare arobaini za kushona na nyumba haina mwanga. Usinidanganye." Akajibu bila kuinua kichwa, "Mama, hii kinga haina bongo (uongo). Unapiga pedali, moto inakuja." Kisha akapanda mwenyewe, akakanyaga, na taa tatu zilizoning'inia kwenye mlango wa karakana zikawaka mchana ule.

Kinga niliyonunua ilitengenezwa kutokana na fremu ya kinga ya makala, yaani ya kubebea makaa ya kupikia. Mkazi yeyote wa mji huu anazijua: wanaume wanazisukuma alfajiri kutoka porini, magunia yamepandana kupita kichwa cha msukumaji, na fremu zimeongezewa vyuma ili zisivunjike njiani. Fremu ya namna hiyo haitetemeki. Gurudumu la mbele limeondolewa na uma wake umechomelewa kwenye kitako cha chuma. Gurudumu la nyuma limeinuliwa juu ya sakafu kwa kiasi cha upana wa kiganja. Halina tairi, ndani ya mfereji wa rimu umepita mkanda mrefu wa mashine, na mkanda huo unazungusha kapi dogo la mota iliyofungwa nyuma kwa boliti nne.

Mota ni ya skuta ya umeme, ya sumaku, imeandikwa volti 24 na wati 250. Ukiipa umeme inazunguka; ukiizungusha wewe, inakupa umeme. Kanuni hiyo ni ya tangu Michael Faraday mwaka 1831, na haijabadilika: nyaya za shaba zikipita mbele ya sumaku, umeme unatembea ndani yake. Ndani ya kile kikopo cha chuma mmezungushwa nyaya za shaba nyembamba kama uzi wa kufumia. Fundi alinifungulia moja iliyokufa nikaiona. Mimi ni mtoto wa mji wa shaba, baba yangu alifanya kazi kwenye shaba maisha yake yote, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona shaba inafanya nini.

Hapa nimsifu fundi, kwa sababu uamuzi wa kutumia mota ya sumaku ndio uliookoa miguu yangu. Mafundi wengine wanafunga alternata ya gari, ambayo kila mtu anaifahamu na inapatikana kirahisi. Lakini alternata haina sumaku ya kudumu. Inataka kwanza ipewe umeme kutoka kwenye betri ndipo iweze kutoa wake, inataka mzunguko wa kasi sana, na nguvu nyingi unayoiingiza inapotea kuwa joto. Gari lina nguvu za kupoteza. Mtu hana. Jirani yangu wa barabara ya pili alinunua ya alternata, akaitumia wiki mbili, leo ananing'iniza nguo juu yake.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 18 na anasomea umeme shule ya ufundi, naye ndiye aliyenipigia hesabu ya meno. Gia ya mbele ina meno 44, ya nyuma 18, kwa hiyo kila unapozungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Rimu ina upana wa sentimita 64 hivi na kapi la mota ni sentimita 6 na kidogo, yaani mota inazunguka mara kumi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka, mota inapiga mizunguko 1,700 kwa dakika na kutoa kama volti 13 na nusu. Hizo ndizo zinazotosha kujaza betri ya volti 12. Fundi hakuyaandika mahali popote, lakini kapi alilichonga kwa kipimo hicho, na hilo linaonyesha anajua kazi yake.

Nililipa dola 140 kwa kinga pamoja na kibao cha kuonyesha volti. Betri ya risasi iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 26, niliinunua mjini kwa dola 55, na konvertisa ndogo ya kubadilisha umeme wa betri uwe wa volti 220 kwa dola 20. Jumla dola 215, bila kuhesabu kijana wa kusukuma mkokoteni. Ni pesa nyingi kwangu. Ni bei ya sare nyingi sana.

Jioni ya kwanza nilipanda mimi. Watoto walikuwa wamekaa chini kwenye mkeka, mama mkwe kwenye kiti, na jirani wawili mlangoni. Nilikanyaga kama dakika kumi kabla mwanangu hajagusa swichi. Taa ikawaka juu ya meza ya cherehani, nyeupe, imetulia, na binti yangu mdogo akasema kitu ambacho sijakisahau: "Mama, naona kivuli cha mkono wako." Kwa mshumaa kivuli kinacheza hujui ni cha nani. Usiku ule nilitia vifungo mashati manane na sikujichoma sindano hata mara moja. Sare zote 43 zilitoka siku mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo watu wanadanganywa.

Mtu mzima mwenye afya, ambaye si mwanamichezo, anaweza kukanyaga kwa saa nzima akitoa wati 75 mpaka 100 kwenye pedali. Mwendesha baiskeli wa mashindano anatoa mara tatu au nne ya hapo, lakini huyo ndiyo kazi yake. Kutoka kwenye pedali mpaka kwenye betri kuna mnyororo, mkanda, mota na nyaya, na kila kimoja kinachukua ushuru wake. Mwanangu alifunga kipimo cha shule kwenye waya tukahesabu jioni nyingi. Mimi, miaka 44, natia kwenye betri ampea 4, yaani kama wati 52. Yeye anatia ampea 6 na zaidi, kama wati 85, akiwa amekula vizuri. Dakika tano za kwanza mtu yeyote anaweza kuonyesha wati 150, na hizo dakika tano ndizo utakazoonyeshwa kwa fundi. Muulize saa nzima.

Matumizi yetu ya jioni moja ni haya: taa tatu za ledi za wati 5 kwa saa nne, simu mbili za kujaza, na redio ya mama mkwe. Ukizidisha wati kwa saa, inafika kama wati-saa 95. Ili kuzipata, mimi nakanyaga saa moja, nusu asubuhi kabla ya uji na nusu jioni, na mwanangu anaongeza dakika 45 akitoka shule. Tukifanya hivyo kila siku betri haishuki. Tukikosa siku moja, bado tuna akiba. Tukikosa siku mbili, taa ya chumba cha watoto inazimwa. Betri ya risasi haitakiwi kutumiwa kupita nusu yake, la sivyo inakufa mapema, kwa hiyo kati ya zile wati-saa 312 zilizoandikwa juu yake sisi tunahesabu nusu tu.

Na vitu ambavyo haiwezi. Fundi aliniambia, na anawaambia wengine, kwamba kinga hii itaendesha frigo. Hapana. Frigo ndogo ya nyumbani inakula karibu wati-saa 1,000 kwa siku. Kwa miguu yangu hizo ni saa 20 za kukanyaga, na tena mota ya frigo ikianza inavuta nguvu mara kadhaa ya ile ya kawaida, na konvertisa ndogo inajizima palepale. Pasi ya umeme ni wati 1,000: mimi bado napiga pasi kwa makala, na nitaendelea. Maji ya chai je? Lita moja ya maji ya baridi kuifikisha kuchemka inataka wati-saa 93. Ni jasho la karibu saa mbili la mama mmoja kwa birika moja la chai. Nilipoambiwa hesabu hiyo nilikaa kimya. Nimechemsha maji tangu utoto na sikuwahi kujua ni kazi kubwa hivyo, na tangu siku ile sikubali birika lichemke bure jikoni, hata kwa makala.

Runinga inawezekana. Yetu ndogo pamoja na dekoda vinakula kama wati 40. Siku ya mechi ya Mazembe vijana wa mtaa wanakuja, wanapokezana juu ya kinga dakika kumi kumi, na mechi inaisha betri ikiwa ilivyoanza. Siku hizo sikanyagi hata kidogo. Nimejaribu pia mota ya umeme kwenye cherehani: inakula wati 100 wakati wa kushona, inanipa kasi nzuri, lakini ni kama kukanyaga mara mbili ili nishone mara moja. Niliirudisha kabatini. Mguu wangu uende kwenye cherehani moja kwa moja. Kinga inipe mwanga.

Lazima niseme juu ya usiku wa tarehe kumi na moja mwezi wa kumi na moja, kwa sababu mwenye watoto anapaswa kuujua kabla hajanunua.

Tulikuwa tumelala. Nikasikia sauti ya kinga: ule mvumo wa mkanda, kama upepo kwenye bati. Nikafikiri ni mwanangu anakanyaga. Nikaita, akaitikia kutoka kitandani. Nikatoka na taa ya simu. Kiti kilikuwa kitupu, pedali zimesimama, na gurudumu linazunguka lenyewe gizani, kwa kasi. Mama mkwe alianza kusali kwa sauti. Binti yangu mdogo alikuwa ameamka naye, akanyoosha mkono kuelekea rimu kama anayetaka kulisimamisha, nikamvuta kwa kanga yake.

Haikuwa uchawi. Kati ya mota na betri panatakiwa kuwa na diodi, kipande kidogo kinachoruhusu umeme uende upande mmoja tu, kutoka motani kwenda betrini. Fundi alikuwa ameweka diodi nyembamba. Ampea sita za mwanangu, jioni baada ya jioni, ziliipasha moto mpaka ikaungua ndani, na ikaungua kwa namna ya kuacha njia wazi pande zote. Kwa hiyo bila mtu kukanyaga, betri ikaanza kuirudishia mota umeme, na mota ikarudi kazi yake ya zamani ya skuta. Gurudumu likazunguka upande uleule tunaolizungusha sisi, ndiyo maana pedali hazikusogea. Asubuhi betri ilikuwa na volti 11.4, ambayo kwa betri ya risasi ni njaa mbaya.

Nilirudi kwa fundi siku ileile. Hakubisha, aliibadilisha bila kuniomba pesa, lakini aliweka nyingine ya ukubwa uleule. Mwanangu aliitoa akaweka ya ampea 20 iliyofungwa juu ya kipande cha bati la alumini ili ipoe, na tangu hapo haijapata hata joto la mkono. Diodi hiyo ilinigharimu chini ya dola moja. Mtoto wa jirani kupoteza kidole kungegharimu nini? Kinga zote tatu nilizoziona pale hazikuwa na kifuniko cha mkanda. Huo ni upungufu mkubwa na namlaumu kwa hilo waziwazi. Cha kwetu tumekitengeneza kwa bati la debe.

Mengine ni madogo. Mkanda unateleza siku za unyevu mwingi. Tuligundisha utepe wa mpira wa tyubu ya zamani ndani ya rimu, ukatulia. Kitako kilikuwa kinacheza kwenye saruji, tukaweka vipande vya tairi chini. Sauti si kubwa, lakini saa kumi na moja alfajiri nyumba za kupangana zinasikia kila kitu, kwa hiyo mimi nasubiri saa kumi na mbili. Kiti kilichokuja nacho ni cha mwanamume. Kwa mama anayekaa na kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, tafuteni kiti kipana.

Kuhusu mwili. Wiki mbili za kwanza magoti yaliniuma, nikagundua kiti kilikuwa chini mno. Goti linatakiwa karibu linyooke mguu ukiwa chini kabisa. Baada ya hapo maumivu yaliisha, na mgongo wangu wa kushona, uliokuwa unanisumbua kila jioni, umepata nafuu kwa sababu asubuhi nimeshaunyoosha. Lakini kinga inakula unga. Mwili wa mtu unageuza kama robo tu ya chakula kuwa nguvu ya pedali, nyingine inatoka kama joto na jasho. Kwa mwendo wangu, saa moja ni kama gramu 70 za unga wa mahindi, bonge dogo la bukari, yaani ugali. Kwa nyumba inayokula mara mbili kwa siku hilo si jambo la kupuuza. Mwezi wa kwanza, pesa za unga zilipokuwa zimebana, mwanangu alikanyaga akiwa na njaa na ampea zikashuka mpaka tatu, uso umemkauka. Nilimteremsha. Tukalala na taa moja. Sitaki mtu anunue chombo hiki akidhani umeme wake ni wa bure, kisha ampandishe mtoto ambaye hajala.

Wengi wananiuliza kwa nini sikununua sahani ya jua. Swali zuri. Sahani ya wati 50 kwenye jua zuri la kiangazi chetu inatoa kwa siku karibu wati-saa 200, zaidi ya mimi na mwanangu tukijumlisha, na haili bukari. Mwenye nyumba yake, mwenye paa imara na ua unaofungwa, anunue sahani kwanza; nasema hivi mimi mwenye kinga. Sisi tumepanga. Mwenye nyumba hataki mtu atoboe bati lake, na kwenye mstari wetu sahani mbili ziliondoka usiku mmoja. Kinga iko ndani, karibu na kitanda cha mwanangu, na nzito kiasi kwamba mwizi angehitaji msaidizi. Halafu kuna mwezi wa kwanza na wa pili, ambapo mawingu yanakaa siku nne mfululizo. Siku hizo jirani wenye sahani ndogo waliniletea simu zao. Nilikuwa natoza franga 500 kwa simu, na mama mzee wa nyumba ya mwisho alikuwa anakuja mwenyewe kukanyaga ya kwake taratibu, dakika ishirini, anahadithia habari za zamani huku anapumua. Simu ya kawaida inataka kama wati-saa 15 mpaka 20, kwa hiyo mahesabu yake yalikuwa ya haki kabisa.

Jenereta ya petroli tuliwahi kuwa nayo. Lita moja kila jioni, moshi, na kelele ambayo mama mkwe alisema inamwondolea sala. Tuliuza.

Mwanangu ana hadithi anayowasimulia wanaokuja kutazama. Australia, mwaka 1929, fundi aitwaye Alfred Traeger alitengeneza redio inayopata umeme wake kwa pedali, kwa ajili ya familia zilizokaa mbali sana na miji. Mtu alikaa kitini, akakanyaga, akatuma ujumbe kwa alama za Morse kumwita daktari wa ndege. Napenda hadithi hiyo. Hao nao walikuwa na giza na umbali, wakatumia walichokuwa nacho.

Na kuna jambo moja linanikaa rohoni kila nikipanda kinga, nitaliandika hapa hata kama si la fundi. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1,700, umejengwa kwa ajili ya migodi yetu ya shaba. Unapita juu ya vijiji vingi sana ambavyo havijapata hata taa moja kutoka kwake, kwa sababu umeme wa aina ile, unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, hauwezi kukatwa katikati ya njia bila mitambo mikubwa. Baba yangu alikuwa anatusimulia nguzo zile kwa fahari, na mimi nilikua na fahari hiyo. Bado ninayo. Ila nataka binti yangu asome usiku huu, na usiku huu ni miguu.

Kwa hiyo, nani anunue? Mshonaji, msusi, mwenye kibanda cha kujaza simu, nyumba ya kupanga yenye watu wazima wawili au zaidi wenye afya na chakula. Mtu mmoja peke yake anayerudi kazini amechoka, asinunue. Ataikanyaga wiki tatu kisha ataichukia. Mwenye mtoto anayetambaa asubiri mpaka awe na kifuniko cha mkanda.

Mkienda kwa fundi yeyote, pandeni wenyewe na mkanyage dakika ishirini huku mnatazama kibao cha volti, si yeye apande. Mwambieni awafungulie pale waya unapotoka motani mwone diodi, na muulize ni ya ampea ngapi. Chini ya 15 mwambieni abadilishe kabla hamjatoa pesa. Kibao cha volti kikipita 14 na nusu punguzeni mwendo, betri inachemka. Kikishuka chini ya 12 taa zimezimwa, zimezimwa. Na betri msinunue iliyokwisha kutumika, hata kama ni nusu bei. Ya kwetu leo asubuhi, baada ya miezi saba na ule usiku mmoja mbaya, imesoma volti 12.5, na nina magauni sita ya harusi ya kumaliza kabla ya Jumamosi.